Majivu ya Waya

Mimi ni mwanamke wa vitu vibovu. Nasema mapema nisije nikaonekana mwema kuliko nilivyo. Tangu mume wangu afariki nimekula, nimevaa na nimemsomesha mwanangu wa pekee kwa televisheni zisizoonyesha, kompyuta zisizowaka na chaja zilizokufa. Ofisi ikinunua mashine mpya, mimi ndiye ninayepigiwa simu nikachukue za zamani. Mgeni akiingia uani kwangu Kihonda alikuwa anakuta televisheni za chogo, zile nene za zamani, zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha la jikoni, vioo vyote vikielekea getini. Majirani walikuwa wananitania kwamba nyumba yangu ndiyo pekee mjini Morogoro ambamo televisheni zinamtazama mtu. Nilikuwa nacheka nao.

Mali ya vitu hivyo iko ndani. Televisheni nzima, na ukubwa wake wote, ukishaipasua unachotaka ni shaba tu, ile ya kwenye koili na kwenye nyaya. Na shaba imevaa plastiki. Kuna namna mbili za kuivua. Unaweza kuchuna waya kwa kisu, mmoja mmoja, na siku nzima ikaisha ukiwa na kilo ya kutia aibu na kidole kilichokatika. Au unaweza kuwasha moto. Moto unamaliza gunia zima kabla maharage hayajaiva. Mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo, na mama yangu husema nilizaliwa kabla mkunga hajafika.

Kwa hiyo nilikuwa nachoma, palepale uani, nyuma ya choo. Moshi wake ni mweusi na mzito, unalala chini kama umechoka, na harufu yake inaingia kwenye nguo, kwenye wali, kwenye nywele za watu. Majirani waliokuwa wananitania wakaacha kutania. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuja na nepi ya mtoto wake aliyoianua kambani, akaniwekea puani. "Nusa," akasema. "Hebu nusa wewe mwenyewe." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama hapendi moshi akahamie Ulaya. Hata leo nikikutana naye sokoni natazama nyanya.

Wiki ileile akaja bwana afya wa kata, kijana mpole mwenye miwani, akanisalimia shikamoo mara mbili kabla hajasema lililomleta. Nilimpa kiti na maji ya kunywa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake. Akasema moshi ule ni sumu, na majivu yake ni mabaya zaidi, maana moshi unapita lakini majivu yanabaki. Akasema yana madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini haitoki kirahisi. "Anayeumia kwanza ni mtoto mdogo, Mama, na mwenye mimba," akasema. "Usichome hapa tena."

Niliahidi. Na ahadi niliitimiza, sikuchoma pale tena.

Mama yangu anaishi Kinole, huko juu Uluguru, kwenye ardhi ya bibi yangu. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa wanawake. Shamba lile ni la mama, akiondoka ni langu, nikiondoka mimi ni la binti yangu. Kuna ndizi, karafuu, mdalasini, na bustani ya mboga inayoteremka kwa ngazi hadi kwenye kijito. Malori ya ndizi hushuka yamejaa na kupanda tupu, na dereva mmoja ninayefahamiana naye hakuona shida kunipandishia magunia yangu ya nyaya. Nilichimba shimo nyuma ya migomba, mbali na nyumba, mahali ambapo hapana jirani wa kuniletea nepi. Kila baada ya wiki mbili nilipanda na magunia, nikawasha moto kwa majani makavu ya mgomba na maganda ya ndizi, kwa sababu yalikuwa yamejaa pale bure, nikachambua shaba ikishapoa, na kesho yake nikashuka nayo juu ya mikungu. Nilijiona mwerevu. Kweli kabisa, nilikuwa nimekaa juu ya ndizi, upepo wa mlimani unanipiga, najipongeza.

Sasa lazima niseme habari ya gesi. Mwaka mmoja kabla ya hayo nilimnunulia mama jiko la gesi. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika kwa moshi wa kuni, na mimi nilitaka watu wa kijijini waone kwamba ana mtoto mjini. Aliipokea gesi kwa shukrani, akaipangusa kila siku, akaitandikia kitambaa. Lakini alikuwa na lalamiko moja ambalo nililisikia kila nilipopanda, na kila mara nililipuuza kama watu wanavyopuuza malalamiko ya wazee. Gesi haitoi majivu.

Mtu wa mjini hawezi kuelewa. Kwa mama yangu majivu hayatupwi. Mbegu za maharage za msimu ujao huchanganywa na majivu ndani ya mtungi, wadudu wasizitoboe. Mchicha ukiingiwa na vidukari hunyunyiziwa majivu asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka. Majivu ya mgomba, ambayo ndiyo bora kuliko yote, huwekwa kwenye chungu kilichotobolewa chini, yakamiminiwa maji, na yale maji yanayotona ndiyo magadi ya kulainishia kisamvu na mlenda. Hayo yote aliyafanya mama yake, na mama wa mama yake. Na mimi nilimletea mtungi wa gesi nikamwondolea kitu alichokitegemea, halafu nikamwambia asiwe mshamba.

Binti yangu alikuwa mjamzito. Ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika zikiwa changa, na baada ya ile ya pili alikaa miezi kadhaa bila kugusa cherehani yake, akitazama nje tu. Hii ya tatu ilivuka hatari. Ilipofika mwezi wa tano joto la mjini likamshinda, hali chakula, analala sakafuni, na mimi ndiye niliyemshauri apande mlimani kwa bibi yake akapumzike kwenye ubaridi, ale mboga mbichi, anywe maji ya kijito. Mumewe akakubali. Nilimpandisha mwenyewe kwa gari dogo, mto mgongoni, na nikamkabidhi kwa mama yangu kama mtu anayeweka mayai.

Nilipopanda tena na magunia yangu, baada ya kukosa safari mbili, ilikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, miguu ameinyoosha juani, kopo la maziwa ya unga mapajani. Alikuwa amenenepa. Mashavu yamerudi. Nilifurahi jinsi alivyopendeza hata nikasimama kidogo getini nimtazame. Akachovya kidole mdomoni, akakitia kwenye kopo, akakirudisha mdomoni akakinyonya.

"Shikamoo, Mama," akasema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo lipstiki ya leo vipi?"

Akacheka. "Usinicheke bwana. Udongo nimeshaukinai. Majivu ndiyo yananituliza kichefuchefu. Bibi ananichekechea."

Nikacheka na mimi. Wenye mimba wa kwetu hula vitu vya ajabu, mimi nilipokuwa na mimba yake nusura nimalize kichuguu kizima. Nikamshika tumbo, mtoto akapiga teke, tukafurahi wote wawili. Ndipo nikabeba gunia la kwanza kichwani nikaelekea kwenye migomba, na nilikuwa nusu ya njia, nikipanga kichwani kazi za siku hiyo, nilipojiuliza, bila haraka yoyote, majivu yametoka wapi wakati nyumba ile ina gesi.

Shimo lilikuwa limefagiliwa.

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichokiona na sijaweza, kwa sababu hapakuwa na kitu. Nililiacha shimo lile limejaa majivu mpaka magotini, wiki mbili juu ya wiki mbili. Sasa lilikuwa jeupe, udongo mtupu, safi kama sakafu ya kanisa Jumamosi jioni. Pembeni kulikuwa na ungo, na kando ya ungo kirundo kidogo cha mabonge meusi ya plastiki ambayo mtu mwangalifu aliyachekecha akayatenga. Kulikuwa na alama za vidole vya mama yangu kwenye udongo, pale alipokwangua za mwisho.

Gunia lilianguka. Sikumbuki kulitua. Nakumbuka nimekaa chini kando ya ungo. Halafu nakumbuka nakimbia, mimi na mwili huu na umri huu, migomba inanichapa usoni.

Nilimpiga binti yangu mkono, kopo likaruka. "Tema!" nikapiga kelele. "Tema! Tema!" Akadhani kuna nyoka. Nilimshika taya nikamtia kidole mdomoni kukomba ulimi, kama nilivyomfanyia akiwa mchanga alipookota kifungo. Yeye mwanamke mzima, fundi cherehani, ana mume na wateja. Akanisukuma akalia. Majivu yalikuwa yametapakaa kwenye kanga yake, laini kama poda, na mimi nikawa nayapangusa kwa viganja nikizidi kuyasambaza.

"Mama, umechanganyikiwa?" akasema. "Kuna nini?"

Nilimwambia asukutue, anywe maji, asukutue tena. Sikumwambia kwa nini. Alikwenda jikoni huku ananitazama kwa woga. Na mama yangu akatokea bustanini na tenga la mchicha kichwani, anaimba taratibu. Majani ya mchicha yalikuwa na vumbi la kijivu.

Sikumwamkia. Sijawahi katika maisha yangu kukutana na mama yangu nikakosa kumpa shikamoo, hata siku ya msiba wa baba. Siku ile nilisahau.

"Mama, majivu ya shimoni umeyapeleka wapi?"

Akatabasamu. Ni hilo tabasamu linalonisumbua zaidi nikilala. Alitua tenga, akajishika kiuno, akawa kama mtu aliyengoja muda mrefu aulizwe. "Umeona eh? Wewe ulininyima majivu kwa gesi yako, halafu Mungu akakutumia wewe huyohuyo uyarudishe. Majivu ya mgomba matupu! Nimeyachekecha yote. Mbegu zimo, mitungi yote minne. Vidukari wamehama. Na magadi, usiseme, kisamvu kinaiva kabla hujakaa. Muulize mke mwenzangu huyo," akasema, akimaanisha mjukuu wake, maana wanataniana hivyo tangu alipojifunza kutembea. "Alikuja hapa kama fito. Mtazame sasa."

"Na mbegu umempa mtu?"

"Nimempa nani nisimpe? Si unajua mimi ndiye huwagawia. Wote wa bondeni wameshachukua zao."

Nilisikia kila nyumba ya bondeni ikijihesabu kichwani mwangu. Najua nyumba hizo. Najua nani ana watoto wa umri gani.

"Ni sumu, Mama."

"Nini?"

"Majivu yale. Ni sumu."

Akanicheka. Hakunicheka kwa ubaya. "Majivu? Kila Kwaresima padri anatupaka kwenye paji la uso, na hajafa mtu."

"Siyo ya mgomba yale! Ya mgomba ni ya kuwashia tu. Yale ni majivu ya nyaya, Mama, ya plastiki, ya vitu vya ndani ya televisheni. Yana risasi. Yanaingia kwenye damu hayatoki. Yanaua mimba. Yanaharibu akili ya mtoto." Nilikuwa napiga kelele. Nilikuwa nimemkasirikia yeye. Katika dakika ile, Mungu anisamehe, hasira yangu yote ilikuwa juu ya mwanamke aliyefagia shimo bila kuniuliza, kwa ushamba wake, kwa kushindwa kuacha kitu kikapotea. "Kwa nini hukuniuliza? Kwa nini hukusema?"

Mama yangu hakupandisha sauti. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Akaniuliza, "Nani kakuambia kwamba ni sumu?"

"Bwana afya."

"Alikuja huku?"

"Hapana. Alinifuata mjini. Alinikataza kuchomea kule."

"Lini?"

Nikainama nikaokota kopo.

"Nakuuliza, mwanangu. Alikuambia kabla hujaanza kuchomea hapa, au baada?"

Maji yalikuwa yanasikika jikoni, binti yangu anasukutua. Yakakoma. Akatokea mlangoni na kikombe mkononi, kidevu kimelowa, akasimama kunisikiliza.

"Kabla," nikasema.

Kuku walikuwa wamefika kwenye yale majivu yaliyomwagika, wanaparua, na mama akawafukuza kwa mguu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayetaka kuhakikisha ameelewa, "Kwa hiyo mjini ndiko kwenye watu."

Nikaanza kujieleza. Nilisema shimo lilikuwa mbali na nyumba. Nilisema nilidhani hakuna atakayeyagusa. Nilisema ningeyafukia. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililosaidia, na nilijisikia nikisema nikajishangaa kama mtu anayemsikia jirani mwongo kupitia ukutani. Bwana afya aliniambia majivu ni mabaya kuliko moshi. Aliniambia kwa Kiswahili fasaha, nikiwa nimekaa, sina haraka. Nikazipandisha nyaya kwenye lori mpaka kwa mama yangu. Watu wakisimulia mambo kama haya husema hawakujua, na ninawaonea wivu.

Mchana ule nilishuka na binti yangu hospitalini. Njiani alimwomba dereva asimame atapike. Daktari aliuliza amekula nini, kwa muda gani, na binti yangu akamjibu mwenyewe, vizuri, kwa utaratibu, akataja majivu, kisamvu, mchicha, magadi, na alipoulizwa yalikotoka alinitazama tu akaniachia nijibu. Hapakuwa na kipimo. Damu ilitolewa ikapelekwa Dar es Salaam, nasi tukarudi nyumbani kungoja. Niliziona zile televisheni zimetuelekea tulipoingia getini, nikazigeuza zote, moja baada ya nyingine, zikatazama ukuta. Sijui nilifikiri inasaidia nini.

Majibu yalirudi kwamba risasi imo, na imezidi. Daktari hakutupa maneno ya kutisha wala ya kufariji. Alisema la muhimu ni kwamba imekoma kuingia. Anywe maziwa, ale dagaa, asikose vidonge vya kuongeza damu. Nikamuuliza mtoto je. Akasema mtoto atapimwa akizaliwa, na baada ya hapo ni kumwangalia anavyokua. Nikamuuliza mpaka lini. "Mpaka aanze shule, Mama, na zaidi ya hapo," akasema. "Mambo mengine huonekana polepole." Nilikuwa nimezoea hukumu zinazotoka siku hiyohiyo.

Katika siku hizo za kungoja nilipanda mlimani kumsaidia mama kuzirudisha mbegu. Nilitaka kwenda peke yangu, akakataa. Alitangulia yeye, mlango kwa mlango, bondeni mpaka ng'ambo ya kijito, mimi nyuma na gunia. Mwanamke ambaye maisha yake yote ametoa mbegu akawa anaziomba. Kila nyumba alisema maneno yaleyale: "Nimewapa mbegu mbaya, naomba mnirudishie." Hakusema ni majivu ya nani. Watu walitazama gunia langu wakaelewa wenyewe, au hawakuelewa. Wengine walirudisha. Mmoja alikuwa ameshapanda, maharage yamechipua majani mawili, na mama akapiga magoti akayang'oa kwa mikono yake huku mwenye shamba amesimama hajui aseme nini. Nyumba moja walikuwa wameyapika yale maharage ya mbegu. Walikuwa na njaa, wakayaosha wakayapika, na watoto wao walikuwa wanacheza uani, wakaja kumwamkia bibi. Pale mama alikaa kwenye kizingiti muda mrefu. Niliwaambia wawapeleke watoto wakapimwe, nikasema nauli na kila kitu ni juu yangu. Yule mama wa nyumba akaniuliza wakapimwe nini, kwani maharage yana nini. Nikaanza kumweleza, na katikati ya maelezo nikatoa pesa za nauli nikamshikisha.

Bustani ya mchicha ililimwa ikafukuliwa udongo wa juu. Kila kitu, mbegu, udongo, majivu, kopo, ungo, tulitia kwenye madumu ya plastiki yenye mifuniko. Bwana afya alisema nisifukie mlimani kwa sababu ya maji. Nikamuuliza niyapeleke wapi. Akavua miwani akaifuta, akasema, "Ngoja niulize, Mama." Aliuliza. Ni mtu mwaminifu, nina hakika aliuliza. Niliyashusha madumu kwa lori, na yako uani kwangu mpaka leo, chini ya turubai, na hakuna aliyekuja.

Na zile nyaya nilizokuwa nazo bado, magunia saba, nilimuuzia mnunuzi mwingine. Sikumuuliza anachomea wapi. Nilipanga kuandika hapa kwamba niliacha kabisa, lakini nimeshaanza na ukweli, na huo nao ni ukweli.

Kwa kawaida yetu, binti huzalia kwao mimba ya kwanza inayofika mwisho. Hakuna anayejadili hilo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na bibi yake mzaa mama ndiye anayempokea. Nilikuwa nimeshapaka chumba chokaa na kununua chandarua kipya. Mwezi wa nane wa mimba ulipoanza, binti yangu alikunja kanga zake akazitia kwenye begi, akasema anakwenda Kingolwira kwa mama mkwe wake.

"Kutembea?" nikamuuliza.

"Kuzaa."

"Kwetu binti huzalia kwao."

"Najua, Mama," akasema. Akafunga zipu. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo hakunionyesha, na mimi ningeipokea hasira kwa mikono miwili. Alipotoka alipita kando ya turubai, akapandisha kanga yake isiguse.

Habari za kuzaliwa nililetewa kwa ujumbe wa simu. Mtoto wa kike, kilo nzuri, amelia vizuri. Nilisoma ujumbe ule mara nyingi nikitafuta neno ambalo halipo. Siku ya tatu nikaoga, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda Kingolwira.

Mkwe wangu, yule mama wa mumewe, ni mtu mwema. Alinipokea kwa vigelegele, akanikarimu, akaniongoza hadi chumbani. Binti yangu alikuwa amekaa kitandani ameegemea mto, mtoto kifuani. Aliniamkia, nikamwitikia. Alikuwa mzuri sana. Mtoto alikuwa na nywele nyingi nyeusi na masikio ya marehemu mume wangu, na alikuwa macho, anatazama kitu juu ya bega la mama yake kwa umakini kabisa, na mimi nikamshukuru Mungu kwa jinsi alivyokuwa anatazama.

"Haya mkwe, mpokee mjukuu wako," mkwe wangu akasema.

Nikanyoosha mikono.

"Mama," binti yangu akasema, "kanawe kwanza."

Ni jambo ambalo kila mgeni wa mtoto mchanga huambiwa. Mkwe wangu akanionyesha bomba uani, akanipa kipande cha sabuni. Nikanawa. Nikarudi nikiwa nimeinua mikono mbele yangu, maji yakidondoka. Binti yangu akaitazama, viganja, halafu kucha, halafu vidole kimoja kimoja, kama anavyokagua mshono.

"Tena, Mama," akasema.

Mkwe wangu akainamisha macho. Nikarudi bombani, nikasugua hadi kwenye viwiko, sabuni ikaisha mkononi. Nilipogeuka, mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Nikakaa barazani, mikono nimeiweka wazi mapajani ikauke, nikasubiri kuitwa.